Mjadala: perisaiti za maabara wapewe wagonjwa sasa, au zisubiri?

Wadau, kapilari, yaani mshipa mdogo kabisa wa damu, haisimami peke yake. Ukuta wake umekumbatiwa kwa nje na seli ziitwazo perisaiti, zinazouimarisha usivuje. Kwa wenye kisukari, perisaiti za retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni miongoni mwa seli zinazokufa mapema; ukuta hutuna, damu na majimaji huvuja, jicho likafifia.

Tangu Shinya Yamanaka aonyeshe, mwaka 2006 kwa panya na 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya ngozi inaweza kurudishwa kuwa seli shina, yaani seli changa inayoweza kugeuka seli za aina nyingine, perisaiti zinaoteshwa kutoka seli hizo bila kugusa kiinitete. Ndipo wengi wanauliza: mbona wagonjwa hawachomwi sindano ya perisaiti hizo?

Mimi nasema zisubiri. Perisaiti haina alama moja iliyo yake peke yake. Protini ya PDGFR-beta tunayoitumia kuzitambua ipo pia kwenye seli za misuli laini na kwenye fibroblasti, zile zinazojenga kovu. Unaweza kuamini umeotesha mlinzi wa mshipa, kumbe umeotesha kovu. Tena asili zao hazifanani: za ubongo wa mbele na za retina hutoka hasa kwenye kishungi cha neva (seli za kiinitete zinazotokea kando ya mfumo wa neva unaoundwa), za viungo vingine vingi hutoka kwenye mesodemu (tabaka la kati la kiinitete). Kwa sasa kazi ya perisaiti hizi iwe kupimia dawa kwenye sahani ya maabara. Anayepinga aseme.

— Napinga. Nina kisukari miaka mingi na jicho la kushoto limebaki ukungu. Leza huunguza sehemu ya retina ili nyingine ipone. Sindano za kuzuia VEGF, protini inayochochea mishipa kuota na kuvuja, hurudiwa na kurudiwa. Zinasaidia, sikatai, ila perisaiti zilizokufa hazirudi. Nikielezwa hatari nikazielewa, kwa nini mwingine aniamulie?

— Pole sana ndugu yangu, na uchungu wako nauheshimu. Lakini mwaka 2017 madaktari waliandika habari za wanawake watatu waliochomwa, kwenye kliniki moja ya Florida, Marekani, sindano ya seli zilizotolewa kwenye mafuta ya miili yao wenyewe, macho yote mawili kwa siku moja. Walilipia, na wakapoteza uwezo wa kuona. Linganisha na Kobe, Japani: mwaka 2014 kikundi cha Masayo Takahashi kilimpandikizia mgonjwa mmoja, jicho moja, utando wa seli za retina uliooteshwa kutoka ngozi yake. Seli za mgonjwa wa pili zilipokutwa na mabadiliko ya jeni, hazikupandikizwa. Kusubiri ninakokusema ni huko. Je, ungekubali jaribio la jicho moja, lile lililoharibika zaidi, bila kulipa, ukifuatiliwa kwa miaka?

— Jicho moja, ndiyo, hata kesho. Ila niambie nani anapanga hiyo tarehe, maana jicho la kulia nalo limeanza.