Mtoto ana matege, mama mkwe anataka nimfukie mchangani

Mama Nuru: Wadau, naomba ushauri. Mwanangu ana miaka 2 na miezi 4, tupo Ngamiani hapa Tanga. Nikimlaza nikakutanisha vifundo vya miguu, katikati ya magoti vinapita vidole vyangu vinne. Mama mkwe anasema nilimsimamisha mapema, eti nikamfukie mchangani Raskazone hadi kiunoni, kila alfajiri. Mimi nashinda gengeni, mtoto anabaki ndani na dada. Nimechoka kuambiwa nimemlemaza.

Mzee wa Makorora: Mbona tulifukiwa na tunatembea? Fukia tu.

Nesi Mstaafu: Mzee wangu, wewe ungenyooka hata bila mchanga. Watoto wengi huzaliwa na matege kwa kujikunja tumboni, yakaisha kwenye miaka 2. Kwenye 3 au 4 magoti hugeuka yakagongana, kisha hukaa sawa kabla ya 7. Kusimama mapema hakuna kosa. Mama Nuru, imepinda yote miwili? Vifundo vya mikono vikoje? Meno?

Mama Nuru: Yote miwili. Vifundo vinene kweli, nilijua ni afya. Jino la kwanza miezi 14. Nimemwachisha ziwa juzijuzi, chakula chake uji wa sembe.

Nesi Mstaafu: Basi usisubiri, hiyo inafanana na nyongea ya mifupa. Mfupa wa mtoto hurefukia nchani, kwenye gegedu, ambalo hugeuka mfupa mgumu likipata kalsiamu. Bila vitamini D utumbo haufyonzi kalsiamu ya kutosha, gegedu linarundikana (ndio huo unene), na mguu laini ukibeba mwili unapinda. Vitamini hiyo ngozi huitengeneza kwa jua. Kwenye maziwa ya mama imo kidogo mno. Nenda hospitali ya Bombo wampige picha ya magoti na mkono, wapime na damu. Vidonge vya kujipimia dukani usithubutu, vikizidi vinaumiza figo. Dagaa wasage na mifupa yao, utie kwenye mboga. Umri huu akitibiwa, mara nyingi miguu hunyooka bila kisu.

Binti Pangani: Na Raskazone nenda, shoga, ila acheze JUU ya mchanga, kifua wazi. Mkweo ataona umemsikiliza.

Mama Nuru: Hahaa! Jumatatu naenda Bombo. Mzee wa Makorora, njoo unishikie genge.

Mzee wa Makorora: Nakuja. Ila machungwa ya Muheza usiyahesabu.