Je, watayarishaji huru wa podikasti wanahitaji chama cha kuwatetea, na nani apige kura ndani yake?

Mtoa mada:

Ndugu wadau, je, sisi tunaotengeneza podikasti bila kuajiriwa na redio wala kampuni ya habari tunahitaji chama cha kutetea haki zetu, au kila mmoja aendelee kujipigania? Msimamo wangu ni kwamba tunakihitaji, kwa sharti kwamba kura iwe ya wale tu wanaomiliki mlisho wa RSS wa vipindi vyao, yaani anwani ya mtandaoni ambako programu za kusikilizia huchukua vipindi vipya.

Sharti hilo lina historia. Miaka kadhaa iliyopita nilisaini mkataba na kampuni ya usambazaji iliyoahidi kunitafutia matangazo, na kifungu kimoja kilisema kuwa mlisho utakaotumika ni ule utakaofunguliwa na kampuni. Nilikisoma nikakipita. Mkataba ulipokwisha niliomba mlisho huo uelekezwe kwenye anwani yangu mpya, kazi ya kubadilisha mstari mmoja kwenye mipangilio, nikajibiwa kuwa kampuni hailazimiki. Sauti ilikuwa yangu na jina la kipindi lilikuwa langu, lakini kila simu ya msikilizaji iliendelea kuulizia vipindi vipya kwenye anwani isiyo yangu, na huko hapakuwa na kitu. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba niliacha. Wakili niliyemwendea alinieleza kwa upole kuwa ada yake ingezidi chochote ambacho kipindi kiliwahi kuingiza.

Chama chenye mkataba wa mfano uliopitiwa na wanasheria kingenionyesha hatari ya kifungu kile kabla sijashika kalamu. Lakini kampuni za usambazaji zikipewa kura kwa sababu zinalipa ada kubwa, kifungu hicho ndicho kitakachokuwa cha kwanza kuondolewa katika ajenda.

Mchangiaji wa kwanza:

Pole kwa yaliyokupata, ila naomba kutofautiana nawe. Tishio kubwa lililowahi kuikabili podikasti lilitokea Marekani, pale kampuni ya Personal Audio ilipodai kwamba hataza yake (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) iliyotolewa mwaka 2012 inahusu podikasti kwa ujumla, na mwaka uliofuata ikamshtaki mchekeshaji Adam Carolla pamoja na mashirika makubwa ya utangazaji. Hataza hiyo haikuangushwa na chama chochote cha watayarishaji. Electronic Frontier Foundation, shirika linalotetea haki za watu katika ulimwengu wa kidijitali, lilichangisha fedha kwa umma na kupeleka pingamizi katika ofisi ya hataza; mwaka 2015 vipengele husika vya hataza hiyo vikabatilishwa, na mahakama ya rufaa ikaafiki mwaka 2017.

Isitoshe, chama cha watu waliojiajiri kina mtego wake. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mawakili binafsi wa Washington, waliogoma kwa pamoja ili waongezewe malipo ya kuwatetea washtakiwa maskini, walivunja sheria ya ushindani, kwa kuwa hawakuwa waajiriwa bali wafanyabiashara waliokubaliana bei. Chama chako kikipanga kima cha chini cha bei ya tangazo, kinaweza kujikuta mahakamani. Kisipopanga, sioni kitakachofanya zaidi ya makongamano na tuzo.

Mtoa mada:

Kuhusu bei umenishika, ingawa Tume ya Ulaya ilitoa mwongozo mwaka 2022 unaowaruhusu waliojiajiri peke yao, katika mazingira fulani, kujadiliana kwa pamoja na kampuni zenye nguvu kuliko wao. Kisa cha hataza, hata hivyo, nakisoma kinyume chako. Carolla alimaliza kesi yake kwa makubaliano mwaka 2014 baada ya kutumia michango mingi ya mashabiki, na mtu asiye na mashabiki hao angelipa tu alichodaiwa. Shirika lile liliingia kwa sababu hataza mbovu humgusa kila mtu. Halitaingia kwa ajili ya mlisho wa mtu mmoja. Vilevile, Apple ilipobadilisha jinsi vipindi vya zamani vinavyojipakua vyenyewe katika iOS 17, mfumo wa simu za iPhone, mwaka 2023, hesabu za upakuaji za vipindi vingi zilishuka. Binafsi naona mabadiliko yalikuwa ya haki, maana vilihesabiwa vipindi ambavyo hakuna aliyevisikiliza, lakini kila mtayarishaji mdogo alibaki peke yake kumweleza mteja wake wa matangazo kwa nini namba zimeporomoka.

Mchangiaji wa pili:

Naunga mkono chama, si sharti. Anayepandisha vipindi vyake YouTube pekee hana mlisho wa RSS anaoumiliki, na jukwaa likimfungia akaunti anapoteza kila kitu kwa siku moja. Kwa kipimo chako, anayehitaji kutetewa kuliko sote ndiye atakayekaa nje ya mlango.

Mtoa mada:

Hoja hiyo naipokea, na sharti naligeuza: asipige kura yeyote anayeshikilia mlisho au akaunti ya vipindi vya mtu mwingine.