Vyungu na mitungi ya mapambo bustanini: nichague ipi, na usio na tundu niufanyeje?

Jani_Bichi:
Wakuu, nataka kupamba bustani ya mbele ya nyumba kwa vyungu vya udongo. Vile vyekundu visivyopakwa kitu na vile vya kung'aa, vipi vinadumu kwenye jua na mvua? Pia kuna mtungi wa shingo nyembamba, kimo kama sentimita 70, hauna tundu chini. Unafaa kupandwa maua? Na ule unga mweupe unaotoka nje ya vyungu vyekundu, ni ubovu?

Kitako_Cha_Chungu:
Mkuu, rangi isikudanganye, uliza kimechomwa vipi. Vyungu vyekundu vya kawaida huchomwa kwenye nyuzi 1000 hivi za Selsiasi, kwa hiyo udongo wake hubaki na vinyweleo na maji hupenya ukutani. Vilivyochomwa nyuzi 1200 na zaidi hushikamana kama jiwe na hunyonya maji kidogo sana. Hivyo ndivyo vya kuacha nje mwaka mzima, hasa penye baridi ya kugandisha: maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na chungu chenye maji ukutani hupasuka.

Kung'aa peke yake si ushahidi wa kuiva. Vipo vyungu laini vilivyopakwa ile ngozi ya kioo kwa nje tu. Maji huingia kwa ndani, husukuma, ngozi inabanduka kama magamba. Kigeuze uangalie kitako ambako hakujapakwa: dondoshea maji. Yakinywewa papo hapo, hicho ni laini. Kisha kiinue kidogo ukigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia, chenye ufa hutoa mlio uliokufa, hata kama ufa hauonekani.

Chekundu kina sifa yake lakini. Mizizi hupumua, kwa hiyo mshubiri na dungusikakati haviozi upesi. Ila kwenye jua kali utamwagilia mara nyingi zaidi. Kikiwa kipya kiloweke mpaka viputo viishe, la sivyo kitanyonya maji ya mche wako.

Unga mweupe ni chumvi na chokaa ya maji na mbolea, si ubovu. Sugua kwa brashi kavu, kisha siki na maji nusu kwa nusu, suuza. Ukirudi upesi, punguza mbolea.

Mche_Mmoja:
Mtungi wa shingo nyembamba usiupande moja kwa moja. Mizizi ikishajaa tumboni, hutautoa mmea bila kuuvunja mtungi. Tafuta kopo la plastiki lenye matundu linaloning'inia mdomoni kwa ukingo wake, panda humo. Au uache mtupu, nao mtupu unapendeza kuliko watu wanavyodhani.

Vyovyote vile toboa tundu, maana maji ya mvua yakituama ndani unafuga mbu. Ulaze kifudifudi juu ya gunia au mchanga. Bandika utepe wa karatasi mahali pa kutoboa ili biti isiteleze. Tumia biti ya kutobolea vigae, drili ikiwa kwenye mzunguko tu; ukiwasha ile hali ya kugongagonga, kitako kinatoka kipande. Anza na milimita 5, panua polepole hadi 12 au 15, huku ukidondoshea maji na kutumia drili ya betri, si ya waya wa umeme. Ukikaribia kutokea, legeza mkono: kukandamiza mwishoni ndiko kunakomegua upande wa ndani.

Bustani_Pana:
Na usisahau kumwaga kokoto chini, robo ya chungu, maji yapite.

Kitako_Cha_Chungu:
Hapo napinga. Maji hayashuki kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa. Kokoto inapandisha tope karibu na mizizi na kula nafasi. Weka kipande cha wavu juu ya tundu, basi. Mchanganyiko uwe udongo sehemu 2, mboji 1, mchanga wa chenga 1. Chungu chenyewe kiinue sentimita 2 kwa vipande vitatu vya tofali. Kikikaa bapa sakafuni tundu huziba.

Jani_Bichi:
Nimeelewa. Na mpangilio?

Mche_Mmoja:
Kimoja kikubwa kinashinda kumi vidogo, na vidogo hukauka haraka. Ukipanga kundi, weka vitatu vya rangi moja na vimo tofauti, kirefu nyuma. Kikubwa kiweke mahali pake kabla ya kujaza: lita 100 za udongo uliolowa zinaweza kufika kilo 150, na kukivuta kwa ukingo ndiyo njia ya haraka ya kukipasua.