Jumamosi moja, shughuli mbili: Mbale na Jinja. Naombeni ushauri

KivuliChaWanale (Jumapili, saa 3 usiku)
Habari zenu wapendwa. Humu huwa nasoma tu, sijawahi kuandika, lakini leo nimebanwa.

Shule zimefungwa Ijumaa. Watoto wangu 3 wamerudi. Mkubwa yuko Senior Three, analala bweni, na sanduku lake limekuja na nguo chafu za muhula mzima, soksi nne za miguu minne tofauti, na godoro ambalo si lile nililomnunulia. Shemeji yangu wa Bungoma naye kaleta wawili wake "wabadilishe hewa". Vyumba ni viwili, watoto watano. Uani nina magunia sita ya mahindi yasiyokauka, na kila ikifika saa tisa mawingu yanashuka kutoka mlima Wanale kama yameitwa.

Kesho ni kufua, halafu wa mwisho ang'olewe jino. Jumanne kusaga posho na kununua daftari kabla hazijapanda bei. Jumatano wakwe wanakuja kuchukua sufuria zangu kubwa. Alhamisi karanga za shamba zingoje, sijui zitangoja vipi. Yote hayo nitayamaliza, nimezoea. Tatizo ni Jumamosi. Kwa baba mkwe, huku Bungokho, kuna imbalu, tohara ya vijana wa Kigisu mbele ya watu. Mwaka ni wa shufwa, ndio wa imbalu, mnajua mambo yalivyo. Na siku hiyohiyo mdogo wangu ana kwanjula, kumtambulisha mchumba kwa wazazi, kule Jinja, na mimi ndiye dada mkubwa.

Nimepanga kuondoka Alhamisi alfajiri na huyu mkubwa, nirudi Jumatatu. Nimwambieje baba mkwe asione nimewadharau? Na njia ya Tirinyi siku za likizo ikoje?

DerevaTirinyi
Njia ni nzuri, lami yote mpaka Iganga. Ukitoka Mbale saa 11 alfajiri, saa 2 na nusu uko Jinja unakunywa chai. Usipande teksi inayosema "tunajaza Kamonkoli", utakaa pale mpaka unyoe ndevu. Gomesi, gauni lako la sherehe, iweke kwenye mfuko wa plastiki, nyuma kule huwa wanapakia kuku.

ChapatiMbili
Mtu anauliza habari za mkwe, dereva anajibu habari za kuku 😂 Mama, hayo mahindi ukishindwa kuyaanika niite. Nayakausha tumboni.

BibiWaBombo
Mwanangu, pole. Mahindi usiyafunge kwenye gunia yakiwa na unyevu, hata kama mvua inakutisha. Mwaka fulani niliyafunga hivyo kwa haraka ya harusi ya mpwa wangu hapa Bombo. Tuliporudi baada ya siku nne gunia lilikuwa na joto kama mgonjwa, ukitia mkono unautoa. Yote tuliwapa kuku, na kuku wawili wakafa. Chukua turubai, yatandaze hata chini ya kitanda. Na harusi yenyewe haikudumu, bwana yule alikuwa mlevi, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

MwalimuMstaafu
Kwanza, hongera kwa kuheshimu pande zote mbili. Siku hizi mke akiolewa Bugisu anadhani imbalu ni sherehe ya kupigia picha. Si hivyo. Kijana akisimama kukatwa, ukoo wote umesimama. Mke wa nyumba akikosekana, wazee hawasemi siku hiyo, watasema miaka kumi baadaye kwenye msiba.

Ila nimesoma mara mbili. Una watoto watatu na wageni wawili. Kwa nini unamchukua mkubwa tu? Wale wadogo ndio wanaohitaji mama.

KivuliChaWanale
Asante Bibi, nitayatandaza. Asante Dereva.
Mwalimu, mkubwa ananisaidia kubeba mizigo. Kuna kreti za soda na ndizi. Wadogo watabaki na shangazi yao.

AfandeMstaafu
Kreti za soda zinatoka Mbale kwenda Jinja? Jinja soda zimeisha?
Mama, mimi nimekaa kwenye vizuizi vya barabara miaka mingi. Mtu akieleza sana mzigo wake, namwambia afungue buti. Kijana ana miaka mingapi?

KivuliChaWanale
16.

AfandeMstaafu
Miaka 16, wa ukoo wa Bungokho, mwaka wa shufwa, Agosti, na wewe unamwondoa siku mbili kabla. Fungua buti.

ChapatiMbili
Jamani nimeacha rolex yangu ya chapati na mayai inapoa 👀

KivuliChaWanale (Jumatatu, saa 5 asubuhi)
Sikutaka kuandika hili. Niko hapa kwa daktari wa meno tunangoja foleni, basi liishe.

Baba mkwe anataka mwanangu asimame Jumamosi pamoja na mtoto wa shemeji. Kimea kimeshaanikwa, na njuga za mapajani kijana ameazimwa na mjomba wake. Jana jioni vijana wa kadodi, wachezaji wa imbalu, walipita hapa na ngoma, yeye akajificha kwangu jikoni nyuma ya mapipa.

Likizo ya Mei alikuwa Jinja kwa mama yangu. Tulikwenda hospitali ya serikali, akatahiriwa. Bure, dakika chache, sindano ya ganzi, akapona. Ni yeye aliyeomba, sikumlazimisha. Huku hakuna anayejua. Hata baba yake hajui, anafanya kazi ya ujenzi Soroti, huja mwisho wa wiki.

Kabla hamjaanza: mimi si mtu wa huku, baba yangu alikuwa mtu wa reli, tumelelewa Jinja kwa Kiswahili. Kwetu mvulana akienda hospitali hakuna anayepiga ngoma wala anayelia. Na siwezi kumpeleka mbele ya umati akavuliwa nguo ndipo watu waone kwamba tayari. Ndiyo maana nataka awe Jinja. Mwaka ukipita, mingine miwili ije, nitajua la kusema.

MwalimuMstaafu
Kwa hiyo hukuomba ushauri wa safari. Uliomba tukusaidie kutoroka.

Nitasema kwa upole maana mimi ni mtu wa Manafwa. Hata kwetu vijana waliokatwa hospitali ni wengi, hakuna aliyekufa kwa aibu. Lakini swali la wazee si kisu kilikuwa cha nani. Swali ni: alisimama mbele ya nani? Mimi nilisimama nikiwa na miaka 18, nimepakwa chachu mpaka kope, babu yangu akiwa amekaa kwenye kigoda hatua tatu mbele yangu. Sikupepesa. Mpaka leo nikikutana na waliosimama mwaka ule, tunaitana kwa jina moja. Hilo ndilo mwanao amelikosa, na wewe ndiye uliyeamua alikose.

KivuliChaWanale
Aliamua yeye mwalimu. Ana ulimi.

BibiWaBombo
Sisi Wanubi wavulana wetu wanatahiriwa wadogo, hawakumbuki kitu, tunakula pilau tunakwenda kulala. Sioni dhambi hapo. Dhambi ni kumficha mume. Mwanangu, mume akisikia jambo la nyumba yake kwa jirani, hata ukweli unanuka.

DerevaTirinyi
Ukitaka kweli kutoroka, usisubiri Alhamisi. Ondoka Jumatano usiku.

MwambaTororo
Samahanini wakubwa, mimi nina wasiwasi na uzi huu. Mama anasema "huwa nasoma tu, sijawahi kuandika". Nimebonyeza jina lake. Mwaka 2022 KivuliChaWanale huyuhuyu alifungua uzi kwenye jukwaa la magari: "Wakuu, pikipiki yangu inatoa moshi mweupe asubuhi, mke wangu anasema niiuze, nifanyeje?" Nilimjibu mimi mwenyewe, nikamwambia akague pete za pistoni.

Sasa mwaka huu amekuwa mke? Hizi ndizo hadithi watu wanatunga usiku ili tubishane kuhusu mila za Wagisu. Moderata, angalia.

ChapatiMbili
😂😂😂 Moshi mweupe umegeuka mama mkwe

AfandeMstaafu
Nilijua. Maelezo ya soda yalikuwa mengi mno.

MwalimuMstaafu
Kama ni kweli umetunga, nimekueleza jambo la babu yangu ambalo sijawaeleza hata wanangu. Sitaandika tena hapa.

KivuliChaWanale (Jumatatu, saa 10 jioni)
Sijatunga. Mvua imeninyeshea nikivuta turubai, jino limetoka, mtoto analia, na ninyi mnaniita mwongo.

Akaunti ni ya baba watoto. Alinunua simu mpya Februari akaniachia hii ya zamani. Sikujua kufungua yangu, nikaingia nikakuta imefunguka, nikaandika. Pikipiki ni yake na mke aliyesema iuzwe ni mimi. Mwalimu, naomba usiondoke.

MwambaTororo
Ngoja. Akaunti ni ya mume?

BibiWaBombo
Yaani mume uliyemficha?

AfandeMstaafu
Mama, futa uzi huu SASA HIVI. Bonyeza vile vidoti vitatu juu.

KivuliChaWanale
Vidoti gani

ChapatiMbili
Mimi nasali. Dini yoyote, nasali.

DerevaTirinyi
Alhamisi ni mbali. Nina nafasi moja leo saa 2 usiku, kiti cha mbele.

KivuliChaWanale (Jumatatu, saa 1 usiku)
Wakuu habari za jioni. Huyu ni mwenye akaunti.

Simu yangu inalia tangu jana usiku kila mmoja wenu akijibu. Nilikuwa juu ya jukwaa la fundi nikadhani mtu amefariki. Nimesoma yote mpaka kuku wa Bibi.

Mama watoto, sikiliza. Kijana alinipigia siku ileile ya Mei akiwa hospitalini. Alisema, "Baba, nataka wewe ndiye uniambie ndiyo." Nikamwambia ndiyo. Halafu akaniomba nisiseme kwamba alinipigia, eti utajisikia vibaya kwamba hakukuamini wewe peke yako. Kwa hiyo nilinyamaza nikingoja uniambie. Juni ikapita. Julai ikapita. Nilikuja nyumbani wiki zote hizo ukanieleza bei ya sukari.

Pombe ya mzee si ya huyu wetu peke yake, mtoto wa kaka anasimama na pombe itanywewa. Nitafika Jumatano usiku. Alhamisi asubuhi tunakwenda kwa mzee sisi watatu, kijana anasema mwenyewe kwa mdomo wake. Mzee atakasirika, atatutoza mbuzi, labda wawili. Mbuzi nitatafuta. Baada ya hapo Ijumaa nendeni Jinja. Usimwambie mzee kabla sijafika, na zile njuga zirudishwe kwa mjomba kimyakimya.

Mwalimu, asante kwa habari za babu yako. Mimi nilisimama 2002. Nilipepesa kidogo, hawakuona.

MwalimuMstaafu
Waliona. Huwa wanaona. Wananyamaza.

KivuliChaWanale
Mimi ni mama tena. Ulijua miezi mitatu? Mimi nalala macho wazi, nawaza nitasema nini, na wewe ulijua? Nipigie. Si hapa.

BibiWaBombo
Mpigie mwanangu. Na mahindi?

KivuliChaWanale
Yako chini ya kitanda Bibi. Watoto wa Bungoma wamelala juu yake.

MwambaTororo
Naomba radhi kwa mama, nilikosea kumwita mtunzi. Ila mkuu, ukipata nafasi: pete za pistoni ulikagua?

KivuliChaWanale
Niliiuza.