Tuisheni ya hesabu fomu thrii, Tanga mjini

mama_makorora: Habari za jioni wandugu, binti yangu yuko fomu thrii, masomo mengine yanaenda lkn hesabu ndo kisanga, mtihani wa juzi kaleta 18, anasema ticha anaenda mbio na darasa limejaa, mi mwenyewe niliishia la saba simsaidii kitu. Nani anajua tuisheni huku Makorora, isiwe ya watoto hamsini maana hapo si yaleyale?

baba_wawili: Kabla hujatoa hela dada fungua daftari lake kwanza. Wangu tulijua kakwama logarithimu, kumbe tatizo ni za hasi, −3(x − 2) yeye anaandika −3x − 6 badala ya −3x + 6, kila siku, swali zima linaharibika kwa alama moja tu. Tukapata kijana kamaliza fomu siksi PCM (fizikia, kemia na hesabu) anasubiri chuo, anakuja baada ya alasiri, wanakaa wawili tu mezani.

chuda_boy: Pastpepa za NECTA mama, yaani mitihani ya taifa ya miaka iliyopita, sekshen A maswali 10 kila moja maksi 6, hapo 60 tayari. Ila asifanye huku anachungulia majibu, mi nilijidanganya hivo mwaka mzima 😂

mama_makorora: Baba wawili nimefungua daftari sasa hivi nikamuita kaka yake aangalie, ni hizohizo hasi wallahi!! Huyo kijana wako anafika Makorora? Njoo inbox.