Ng'ombe wamekula ekari mbili za mahindi yangu. Nichukue fidia au niende mahakamani?

Mkulima wa Mkondoa: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nipo Kilosa. Mvua za masika zimekatika mapema, na juzi usiku ng'ombe wakala shamba langu, ekari mbili za mahindi yaliyokuwa yanaanza kubeba. Asubuhi nakuta mabua yamelala, kinyesi bado kibichi.

Mwenye ng'ombe namjua. Ni mzee wa Kimaasai, marehemu baba alikuwa akimwachia mabua kila baada ya mavuno, naye akituletea maziwa. Kaja mwenyewe: "Mwanangu, lambo limekauka. Vijana waliwapeleka mtoni usiku, wakasinzia. Taja bei." Nikashindwa kutaja. Vijana wa kitongojini wanataka twende kwao usiku tukalipize. Wazee hapa hawajaisahau Rudewa Mbuyuni, kijiji cha hapa Kilosa: Desemba 2000, watu 38 waliuawa kwenye ugomvi wa wakulima na wafugaji. Naogopa. Ila mke wangu naye kaniuliza tutakula nini mpaka msimu ujao. Nishaurini.

Bwana Shamba Mstaafu: Pole kijana. Usitaje bei kwa hasira wala kwa huruma. Mwite afisa ugani apime eneo lililoliwa leo, maana kesho mbuzi wa jirani watamalizia na hutajua nani kala nini. Piga picha. Hesabu kwa magunia ambayo ungevuna mwaka huu wenye mvua mbovu, siyo mwaka wa neema. Makubaliano yaandikwe mbele ya mtendaji na mashahidi wa pande zote.

Chapa Fimbo: Hawa dawa yao ni kushika ng'ombe kumi mpaka walipe. Kistaarabu hawaelewi.

Ole Malisho: Mkuu Chapa Fimbo, ukishika ng'ombe kumi umeanzisha vita. Mimi ni mfugaji. Ukame wa 2022 ulinibakizia ng'ombe 9 kati ya 60. Wengine walilala chini jioni, asubuhi hawainuki. Kuingia shambani ni kosa, alipe. Lakini mwandishi, ulizeni pia: njia ya mifugo kwenda mtoni ipo wapi? Kwetu ililimwa yote, kipande kwa kipande, kila mtu akisema "ni hatua tano tu".

Dada wa Kajiado: Huku kwetu Kenya mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020. Ng'ombe hajui mpaka, anafuata nyasi. Mwaka 2020 mawaziri wa nchi za IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, walipitisha itifaki ya uhamaji wa mifugo, ila Tanzania si mwanachama, kwa hiyo sisi na nyinyi tunabaki kusikilizana kwa simu za ndugu. Na mahindi yenu mkikosa, bei ya unga huku inapanda pia.

Msomaji Kimya: Si kuna ule mfuko wa hasara na uharibifu wa mabadiliko ya tabianchi, uliokubaliwa kwenye mkutano wa dunia wa COP27 kule Misri 2022? Wachafuzi wakubwa walipe.

Bwana Shamba Mstaafu: Walipe kweli, ni haki yetu. Lakini hela hiyo haitafika kitongojini kabla debe la mahindi halijaisha ndani. Kijana, kijiji chenu kina mpango wa matumizi bora ya ardhi? Kama upo, fungueni ramani muione hiyo njia. Kama haupo, daini sasa, kabla kiangazi hakijakaza.

Mkulima wa Mkondoa: Mrejesho wakuu. Afisa ugani kapima, hasara magunia 11. Mzee atalipa nusu taslimu baada ya mnada, nusu kwa mahindi atakayonunua yeye, na mabua yaliyobaki nimemwachia. Kuhusu njia, ramani ipo ofisini tangu zamani, njia imechorwa, na inapita kwenye shamba la mjumbe mmoja wa serikali ya kijiji. Kikao ni Jumapili. Mzee kaongeza na mtamba kwa hiari yake. Mke wangu kasema mtamba hasongwi ugali, lakini kamfungia kamba mwenyewe.