Karanga zina ukungu, nikikaanga vizuri zinafaa kwa uji wa mtoto?

MamaK_Tbr: Habari za jioni wadau, niko Tabora mjini naomba msaada. Mama mkwe katutumia karanga debe mbili toka Urambo, kahangaika nazo mwenyewe yule mama, sasa leo nafungua kiroba nakuta nyingi zimesinyaa, nyingine zina kaukungu ka kijani afu zinanuka uvundo. Baba K anasema nioshe nikaange moto unamaliza kila kitu. Nilitaka nisage na mahindi na ulezi, mtoto ana miezi 9. Kutupa naogopa, mkwe akiuliza ntasemaje 😅

MzeeSikonge: Mwanangu usisumbuke, sisi tumekula nsansa, ile mboga ya majani makavu, ya karanga hizo hizo toka utoto na bado tunadunda. Chambua, nzuri kaanga, mbaya wape kuku basi.

Nesi_wa_zamu: Shikamoo mzee wangu, kuchambua uko sahihi ila apo kwa kuku hapana. Dada, moto unaua ukungu wenyewe lakini sumu ambayo ukungu umeshaiacha ndani ya punje haimaliziki kwa kikaangio wala kwa kuchemsha uji, ndo hiyo wanaita sumukuvu, aflatoksini. Kuosha ndo unaongeza unyevu kabisa. Inashambulia ini. Ukila kidogo kidogo miaka na miaka huoni kitu, baadae inaweza kuja kuwa saratani ya ini, na mwenye homa ya ini B hatari yake inazidi mara nyingi. Ikiingia nyingi kwa mpigo ni kutapika, tumbo kujaa, macho manjano na kifo, 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi, Kenya nao 2004 waliugua 317 wakafa 125, mahindi hayo hayo. Sasa mtoto wa miezi 9 ini lenyewe dogo na uji anakunywa kila siku, kwake usiweke hata punje ya hizo debe. Na wewe kama unanyonyesha usizile maana inapita kwenye maziwa. Kunyonyesha usiache jamani, acha karanga!

KarangaNzega: Mi nalima. Muulize mama kwa heshima tu, walilowesha maganda wakati wa kubangua? Huku kwetu ndo mchezo, vidole vinauma kwahiyo watu wanamwagia maji ganda lilainike, afu zinaingia kwenye kiroba cha nailoni zikiwa na maji maji na kiroba kinakaa chini kwenye sakafu. Hapo hata kama shambani zilikuwa safi umeshaziua. Zianikwe kwenye turubai sio kwenye udongo, zikauke mpaka ukitikisa ganda unasikia punje inacheza, na ukihifadhi na maganda yake ni bora zaidi. Kingine, sokoni zile mbovu zilizochambuliwa hazitupwagi, zinauzwa bei ya chini zinasagwa, na ikishakuwa unga huoni ukungu. Uji wa mtoto nunua nzima saga mwenyewe.

MamaK_Tbr: Asanteni sana. Nimempigia mama, sikuanza na ukungu, nikaanza na pole ya kubangua debe mbili peke yake 😂 akasema mwenyewe walilowesha maana vidole vilikuwa vimechubuka. Nikamweleza, kanyamaza kidogo afu kasema na mbegu ya mwakani iko kwenye kiroba kama hicho, kesho anaenda kuianika. Zangu nafukia. Mzee wa Sikonge, kuku wako wanataga lakini?

MzeeSikonge: Kuku wanataga. Ila bata wote sita walikufa mwaka juzi ndani ya wiki moja, nilijua ni kideri.

Nesi_wa_zamu: Mzee, bata ndo wanaongoza kwa kudhurika na hiyo sumu. Walikuwa wanakula nini?

MzeeSikonge: Machicha ya karanga.